Kombaini Aliyoiosha Tage

Tage Brogaard hakuwa na banda lenye mlango mzima. Hakuwa na kompresa ya kupulizia vumbi. Hakuwa na kitabu cha maelekezo ya mashine yake, kwa sababu panya walikuwa wametafuna kurasa zote za katikati. Shamba lake halikuwa kubwa: hekta thelathini na mbili za shayiri na ngano katika rasi ya Salling, huko Denmark. Hakuwa na uwezo wa kununua kombaini mpya. Tena hakuwa na masikio ya kuambiwa jambo asilolijua, na upungufu huo wa mwisho ndio uliomponza.

Kombaini ni mashine kubwa inayokata nafaka na kuipura palepale shambani. Ya Tage ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Aliinunua mwaka 1986 kutoka kwa jirani yake, Verner Nygaard, mzee aliyekuwa akiacha kulima. Nyumba zao zilitazamana, barabara ikipita katikati. Walimaliza biashara jikoni kwa Verner, kwa kahawa na mkate mweusi.

"Tage, nipe asubuhi moja mwezi wa Oktoba," Verner alisema. "Nikuoneshe jinsi ya kuilaza kwa majira ya baridi. Ina mambo yake, kama ng'ombe mzee."

"Verner, nimeanza kushika spana kabla meno yako hayajaanza kung'oka. Mashine ni mashine."

"Yangu yaling'oka mapema," Verner alisema akitabasamu. "Haya, nitakuja hata hivyo."

Mavuno ya mwaka huo yalikwenda vizuri. Kombaini ilitoka shambani imejaa vumbi na makapi mpaka kwenye ngazi. Hilo lilimkera Tage. Jumapili watu wa parokia walipita mbele ya uwanja wake wakitoka kanisani, na kila mmoja aligeuza shingo kutazama. Uwanja mchafu ulizungumziwa wiki nzima. Basi Tage akaazima mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu. Aliiosha kombaini siku nzima, nje na ndani, kila kona na kila tundu. Jioni iling'aa kama mpya.

Kesho yake Verner alifika langoni amevaa ovaroli, bomba la grisi mkononi. Akasimama kuitazama mashine. Maji yalikuwa bado yanadondoka chini yake.

"Uliiwasha baada ya kuiosha?" aliuliza.

"Niiwashe ya nini? Mavuno yamekwisha."

"Iwashe, izunguke nusu saa. Ipate joto. Halafu tuipige grisi kila mahali, maji yatoke."

"Unaona wivu kwa sababu kwako haikuwahi kung'aa hivi," Tage alisema. "Nenda kapumzike, mzee. Siku hizi ni yangu."

Verner alilitazama bomba la grisi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa. Kisha akavuka barabara kurudi kwake. Tage akaifunika kombaini kwa turubai, akaiacha hivyo mpaka kiangazi.

Agosti iliyofuata ilikuwa ya mvua. Shayiri iliiva, lakini haikukauka. Hatimaye zikaja siku za jua, na kila mkulima wa Salling akaingia shambani. Siku ya pili, saa nane mchana, kombaini ya Tage ilipiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa. Moshi ukatoka ubavuni. Ngoma ya kupuria, ile inayozunguka na kutoa punje kwenye masuke, ilikuwa imekwama, beringi zake zimekufa. Mkanda wake mkubwa uliungua ukakatika.

Kipuri kiliagizwa, kikachukua siku tano. Mvua ilirudi siku ya tatu. Shayiri ikaanza kuchipua ikiwa bado kwenye masuke. Nafaka ya namna hiyo haifai kutengenezea bia, hulishwa nguruwe. Tage alilazimika kukodi mashine ya mtu mwingine kumalizia kilichobaki.

Siku alipopeleka nafaka yake kwenye bohari ya ushirika, karani aliichota mkononi, akaigeuzageuza, akatikisa kichwa. Wakulima wapatao wanane walikuwa wakingoja zamu. Verner naye alikuwapo, amekuja kununua chakula cha kuku.

"Imekuwaje, Tage?" aliuliza Egon, mkulima wa upande wa kanisani. "Na mashine ilivyokuwa inang'aa."

"Muulize huyo hapo," Tage akajibu, akimwonesha Verner kwa kidole. "Aliniuzia gofu la mashine. Alijua beringi zimekwisha, akanywa na kahawa juu yake."

Egon akacheka. Wengine wawili wakacheka pia.

Verner alikuwa ameshalipa. Akauweka mfuko wa chakula cha kuku begani. "Kama ndivyo unavyoona, Tage," alisema, akatoka.

Tangu siku hiyo Verner hakuonekana tena kwenye bohari. Oktoba aliiuza nyumba, akahamia mji wa Odense kwa binti yake, Lisbet. Gari la mizigo lilisimama ng'ambo ya barabara asubuhi nzima. Tage alikuwa dirishani. Mkewe, Birthe, alimwambia aende akaage. Tage akasema ana kazi bandani.

Novemba akamwita fundi kutoka karakana ya mjini. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini aitwaye Dorthe, mfupi, mwenye mikono minene. Alifungua milango yote ya kombaini, akatoa mikanda, akaanza kuzungusha kila gurudumu kwa mkono.

"Njoo usikilize," alisema.

Tage akainama. Ndani mlisikika mkwaruzo, kama mchanga kati ya meno.

"Hii ni beringi. Ndiyo inayofanya chuma kizunguke laini. Ikilia hivi imekwisha. Ukiacha mkanda umekaza hutaisikia. Utoe kwanza, kisha uzungushe kwa mkono."

Akaifungua beringi, akachota grisi kwa kidole.

"Grisi nzuri ina rangi ya asali. Hii imekuwa kahawa ya maziwa. Humu mna maji. Nani aliiosha?"

"Mimi," Tage alisema, bado kwa majivuno kidogo. "Siku nzima."

"Kwa nini?"

"Ili iwe safi."

"Iwe safi kwa nani? Mashine haiendi kanisani."

Tage akaigeukia beringi. Akasema, "Lakini ilikuwa imechakaa tangu kwa Verner. Kazi ya miaka kumi na minane."

"Beringi iliyochakaa kwa kazi husuguka kotekote ikang'aa. Tazama hii. Imeliwa na kutu, na kutu yenyewe iko upande wa chini tu, pale maji yalipotulia. Ililala na maji miezi kumi. Kabla ya hapo ilikuwa nzima. Aliyekuwa nayo aliitunza kuliko wengi ninaowajua."

Tage akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dorthe alidhani amechoka, akaendelea na kazi.

Jioni hiyo Tage alimweleza Birthe yote. Birthe alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mwandikie," alisema.

"Nitamwandikia. Kwanza mashine ipone, nione kama Dorthe anasema kweli."

"Unangoja kombaini ikutetee?"

"Nangoja niwe na hakika."

"Ulipomwonesha kidole hukungoja hakika."

Majira yote ya baridi Tage alifanya kazi bandani. Dorthe alikuja kila wiki mbili kumwelekeza. Alimfundisha kuondoa makapi kwa brashi na upepo wa kompresa aliyokuja nayo, si kwa maji. Alimfundisha kufagia punje zote za ndani, kwa sababu panya hufuata punje, na wakimaliza punje hutafuna nyaya. Walibadilisha beringi saba. Walilegeza mikanda yote ili isijinyooshe bure miezi kumi. Waliitoa minyororo, wakaisafisha na kuipaka mafuta. Waliondoa betri, wakaiweka mahali pasipoganda.

"Na kama nikilazimika kuosha?" Tage aliuliza siku moja.

"Osha kwa maji ya taratibu, mbali na beringi. Palepale iwashe izunguke nusu saa. Halafu piga grisi kwenye kila kichuchu, vile vitundu vya kuingizia grisi, mpaka grisi mpya ichungulie pembeni. Hiyo ya zamani itatoka na maji yake."

Tage akatazama nje, kuelekea langoni. Yalikuwa yaleyale maneno ya langoni, karibu neno kwa neno. Mwaka mmoja mapema angeyapata bure, kutoka kwa mtu aliyevuka barabara kumletea.

"Jambo moja zaidi," Dorthe alisema. "Siku ya mwisho ya mavuno, kabla hujaoga, andika kila kilicholia, kilichovuja, kilicholegea. Ukingoja majira ya kuchipua utakuwa umesahau, na vipuri vitachelewa."

Agosti ya mwaka 1988 kombaini iliingia shambani. Ilivuna shayiri yote kwa siku nne, na ngano kwa siku tatu, bila kusimama hata mara moja. Karani wa bohari aliichota shayiri ya Tage, akainusa, akasema inafaa kwa bia. Tage alirudi nyumbani, akaandika kwenye karatasi kila kilicholegea kwenye mashine. Kisha akachukua karatasi nyingine. Alikuwa ameandika "Mpendwa Verner" tu, Birthe alipotoka kwenye simu.

"Nilikuwa naomba anwani yao kwa Lisbet," alisema. "Tage, baba yake amepata kiharusi. Ni wiki mbili sasa. Anasikia, lakini hawezi kusema. Wala hawezi kushika kalamu."

Tage aliiweka kalamu chini.

"Kwa hiyo hatanijibu."

"Hatakujibu. Lisbet atamsomea."

Ilimchukua Tage siku mbili kumaliza barua ile fupi. Siku ya tatu Birthe akamuuliza kama ameifunga.

"Bado. Nilimsema mbele ya watu," Tage alisema. "Siwezi kumtakasa ndani ya bahasha tu."

Akavaa kofia, akaenda kwenye bohari saa ambayo wakulima hungoja zamu. Walikuwapo sita, na Egon miongoni mwao. Tage hakusalimu kwa mizaha kama kawaida yake. Akafungua karatasi, akasoma kwa sauti:

"Mpendwa Verner. Mwaka jana nilisema mbele ya watu kwamba uliniuzia mashine mbovu. Haikuwa kweli. Beringi ziliharibiwa na maji niliyozipiga mimi. Ulikuja langoni kunionya, nikakufukuza kwa maneno. Nimeyajua haya tangu Novemba, na nikakaa kimya miezi tisa kwa sababu ya kiburi. Mashine imevuna yote bila kusimama. Uliitunza vizuri. Ilinipasa nikuambie ulipokuwa bado ng'ambo ya barabara. Nisamehe. Tage."

Watu walitazama viatu vyao. Mmoja akatoka nje, akisema trekta lake limezuia njia. Karani akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Una nafasi hapo chini?" Egon aliuliza.

"Ya nini?"

"Nilicheka siku ile. Lete kalamu."

Karani alitoa kalamu. Egon aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi: Mimi nilicheka. Nisamehe na mimi. Egon.

Tage aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha. Akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, akarudia tena. Nje ya bohari palikuwa na sanduku jekundu la posta. Alisoma anwani mara moja zaidi, akaitumbukiza barua, akasikia ikigusa chini.