Neno Alilolikosea Razia

Foleni ya niyazi, chakula cha sadaka baada ya ibada, katika kituo cha Kiislamu cha Thornhill ilimsukuma Kamil hadi akakanyaga kitabu cha Kiholanzi kilichodondoka. Mwenyewe alikuwa Razia, buibui jeusi, ushungi wa zambarau, macho makali.

"Samahani, bibie. Unakisoma au unatembea nacho tu?"

"Nakisoma. Mchumba wangu yuko Rotterdam. Bila mtihani wa lugha sipati viza."

"Mimi nimekulia huko."

"Basi nifundishe, badala ya kunikanyagia!"

Akamfundisha kwa simu kila jioni, akitoka kazini mtaa wa Rexdale kwa basi la barabara ya Kipling.

"Ligawe, Razia. Ver, blijfs, ver, gun, ning. Kibali cha ukaazi. Ni maneno mawili yameungana, na la kwanza ndilo hukazwa. Kaza blijfs."

Razia akakaza gun.

"Hapana, mpenzi... samahani. Hiyo umeikaza Kiswahili."

"Umeniitaje?"

"Ulimi umeteleza."

"Uache uteleze, mwalimu," akacheka.

Miezi mitatu ikapita. Maneno mengine yote Razia aliyatamka kama mzaliwa wa huko. Hilo moja lilimshinda kila jioni. Kamil alimpenda hadi akawa anapitiliza kituo chake cha basi. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini huyu bwana aliyameza: mchumba wa mtu ni amana. Na binti wa watu angejiposaje?

Siku moja kabla ya mtihani Razia akauliza, "Nikikosea kesho, utasemaje?"

"Hutakosea. Nitakuombea."

Mwanamume gani huyu! Razia akashukuru, akaaga.

Simu yake iliyofuata ilikuja baada ya miezi miwili. "Nimefaulu, Kamil. Viza imetoka. Naondoka Alhamisi."

"Hata lile neno ulilipata?"

"Nililijua tangu siku ya kwanza. Nilikosea ili uendelee kupiga. Ungeniambia unanitaka, ningekosea mtihani mzima."

Kamil aliinuka kitini mwa basi. "Namtuma Mama kwenu leo hii!"

"Baba ameshawapa watu neno lake."

"Razia wangu, nakupenda!"

Razia alilia kwanza, ndipo akajibu. "Usinipigie tena. Nikikusikia sitapanda ndege, na Baba hatainua uso mbele za watu."

Akakata. Kamil alilia basini bila kujali abiria. Siku zote zilizobaki alishinda na simu mkononi, jina la Razia liko wazi mbele yake, na hadi Alhamisi ikapita hakupiga.