Mzee Henry na Magongo ya Barafuni

Kila asubuhi Mama Anésie aliporudi kutoka kazi ya usiku, binti yake Ninahazwe alimchemshia chai, kisha akafungua kompyuta kusoma. Ulikuwa mwaka 2021. Shule za Sydney, Australia, zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na katika nyumba yao ya mtaa wa Rooty Hill kila mtu alikuwa amechoka. Mama alisinzia kitini viatu vikiwa bado miguuni, na alama za barakoa mashavuni.

Mama alikuwa mtunzaji katika makao ya wazee. Mmoja wao, Mzee Henry, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kueneza mchezo wa magongo barafuni katika miji ya huko. Sasa pumzi zilimpungukia, na ndugu zake hawakuruhusiwa kumtembelea. Basi mwalimu alipowataka wanafunzi waandike habari za mtu aliyeanzisha jambo, Mama aliomba ruhusa kazini, Ninahazwe akampigia Mzee simu.

Lakini Ninahazwe alilelewa kwa desturi za Burundi: mtoto hamhoji mkubwa. Alisalimia kwa adabu, akangoja asimuliwe. Mzee naye alingoja aulizwe. Wakasikilizana wakipumua tu, hadi Mzee aliposema amechoka, akakata simu.

Ninahazwe aliona haya kupiga tena, basi akatunga. Aliandika kwamba Mzee Henry alikuwa bingwa wa kufunga mabao, akavishwa nishani ya dhahabu. Mwalimu aliisifu sana kazi hiyo. Mama naye, kwa furaha, akaenda nayo kumsomea Mzee.

Kesho yake Mama alirudi, akakaa bila kugusa chai.

"Mzee amesikiliza mpaka mwisho," alisema. "Kisha ameniuliza, 'Huyo ni nani?' Akageukia ukutani."

Ninahazwe aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Akakiri yote.

"Lakini Mama, ulinifundisha nisimhoji mkubwa."

"Nilikufundisha. Ila kwetu wazee husimulia wenyewe. Huyu wa huku anangoja aulizwe. Mpigie."

Ninahazwe alipiga, akaomba radhi, kisha akamwuliza Mzee alifunga mabao mangapi. Mzee alicheka hadi akakohoa. Hakufunga hata moja, kwani kwenye barafu alikuwa mtu wa kuanguka tu. Kazi yake ilikuwa kubeba magongo kwa treni, kukusanya waoka mikate na mafundi wacheze, kuwafundisha kanuni na kuwapatanisha walipogombana, mpaka miji mingi ikawa na timu. Wavu wa kwanza wa goli, mkewe aliushona kwa pazia la sebuleni.

Ninahazwe alimweleza mwalimu ukweli, akaandika upya. Mama akaenda tena kumsomea Mzee, na asubuhi akarudi na jibu.

"Amesema, 'Huyo ndiye mimi. Soma tena.' Nimemsomea hadi amelala."

Kisha akamtazama binti yake. "Kuuliza si ujinga, mwanangu, wala si kukosa adabu. Ukimsifu mtu kwa asilolitenda, unamnyang'anya alilolitenda."

Akavua viatu, akavuta kikombe chake cha chai.