Unga Katika Mbaazi

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Mwanaima alimsaidia mamake, Bi Barke, kubeba sufuria ya mbaazi na beseni la mahamri hadi kando ya barabara, hapo mtaani Shika Adabu, Likoni. Kazi aliifanya, lakini kwa kubeua midomo. Ungemwona, ungedhani amezaliwa katika jumba la mfalme, akaletwa huko kwa bahati mbaya.

Mwaka huo wa 1988 mvua za masika ziliwasumbua wateja, na Bi Barke akataka banda. Kakake, Mjomba Mwinyihaji, aliyekuwa fundi wa nyumba, akamletea mianzi mibichi kutoka Kwale.

"Mianzi?" Mwanaima akaguna. "Hata boriti za mikoko hukupata, mjomba?"

"Mkoko hukawia kukua, na sisi twaumaliza kwa kuukata," mjomba akajibu. "Mwanzi ukiukata leo, shina lake lachipua tena. Ila una utamu ndani, na bungua, wale wadudu watoboao miti, waupenda sana. Basi izamishe baharini nyuma ya mikoko, uigandamize kwa mawe. Maji yatautoa utamu. Mimi nina kazi Changamwe. Nitarudi mwezi ukiandama, inshallah."

Nduku, rafiki yake Mwanaima aliyehamia Likoni na wazazi wake kutoka Machakos, alikuja kumsaidia. Walipofika ufuoni maji yalikuwa yamekupwa, na tope limetanda.

"Mimi nitie miguu topeni kwa ajili ya vijiti hivi? Thubutu!" alisema Mwanaima. Akaimwagia mianzi ndoo ya maji ya bahari, akaificha kichakani.

"Huko si kuzamisha," Nduku alimwambia.

"Nyinyi watu wa bara mwaijua bahari?"

Huyo ndiye aliyejiona mjuzi! Mjomba aliporudi, akaikuta mianzi uani, alikoirudisha Mwanaima, imekauka, alimwuliza kama aliizamisha.

"Ndiyo, mjomba. Wallahi!"

Aliapa kwa jina la Mungu kwa sababu ya tope alilokataa kulikanyaga. Mjomba akamwamini, akajenga.

Banda lilipendeza na wateja wakaongezeka. Lakini baada ya muda, unga mweupe ukaanza kudondoka kutoka juu. Asubuhi moja dereva mmoja wa lori akatema alichotafuna.

"Bi Barke, siku hizi mbaazi wazitia vumbi la msumeno?"

Wenzake wakacheka, wakaondoka naye. Siku zilizofuata, mahamri yalilala kwenye beseni.

"Si nilisema?" Mwanaima akamwambia mamake. "Mianzi ni takataka." Uso wake ulikuwa mkavu, hauna hata haya.

Bi Barke akamwita kakake, akamfokea mbele ya majirani. "Fundi gani wewe? Umeniharibia riziki! Usitie mguu wako hapa tena!"

Mjomba alivitazama vitundu vya bungua kwenye mianzi, kisha akamtazama Mwanaima. Aliokota mfuko wake wa vyombo, akageuka kwenda zake.

Hapo kiburi kikamtoka Mwanaima. Mjomba wake anafukuzwa kama mbwa kwa uongo wake yeye.

"Mama, mjomba hana kosa!" alilia. "Mianzi sikuizamisha. Niliona tope halinifai."

Bi Barke aliinamisha kichwa. "Kaka, niwie radhi," alisema.

Mjomba akaleta mianzi mingine. Mwanaima alimwomba Nduku msamaha, wakaingia topeni pamoja hadi magotini. Banda jipya halikudondosha unga, na wateja wakarudi mmoja mmoja, dereva yule pamoja nao.

Siku dereva huyo aliporudi, mjomba alimwita Mwanaima.

"Abee, mjomba."

"Ulikidharau kitu, ukakataa kukitunza. Kilipoharibika ukasema, 'Si nilisema?' Dharau hufanya hivyo, mwanangu. Huharibu yenyewe, kisha ikajitolea ushahidi. Mwanzi haukukuangusha. Wewe ndiwe uliyeuangusha, ukanitwika mimi uongo wako."