Kazi Yako na Uliyekuja Naye

Jumamosi asubuhi kituo kikuu cha mabasi kilikuwa kimefurika, watu wakipishana kwa mabega na mabegi, kila kondakta akiita safari yake kana kwamba abiria ni viziwi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mmoja ambaye hakumwita mtu. Alivaa sketi ya rangi ya zabibu iliyoiva, blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi, na skafu ya kijani shingoni. Mkononi alishika kibao kilichoandikwa SAFARI YA MVINYO NA JIBINI, KWENDA NA KURUDI. Kidevu chake kilikuwa juu, na waliomhitaji walimwona. Abiria wake walimwita Kiongozi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kijana mwenye ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio na sanduku la vifaa mkononi, alimpita bila salamu, akapanda basi dogo jeupe la Kiongozi, akaenda kiti cha nyuma na kulala fofofo. Alikuwa fundi wa lifti, ametoka zamu ndefu. Kampuni yake nayo ilikuwa na basi dogo jeupe, lililokuwa likimsubiri upande wa pili wa kituo limpeleke kwenye jengo jipya. Usingizi ulimfanyia ubaya siku hiyo, au wema. Mtaamua wenyewe.

Basi la Kiongozi lilikuwa na desturi yake. Mji ukishaachwa nyuma, kipaza sauti kilizungushwa kiti kwa kiti, na kila abiria alitakiwa kutaja mambo mawili tu: kazi yake na aliyekuja naye.

"Majina tutayasahau kabla ya kona ya kwanza," Kiongozi aliwaambia. "Kazi ya mtu haisahauliki. Na ukitaja uliyekuja naye, tutajua wa kumuuliza ukipotea."

Mshona nguo alisema amekuja na mume wake. Karani wa benki alisema amekuja na dada yake, na dada yake akasema yeye ndiye aliyelipa. Kipaza sauti kikafika nyuma, jirani akamtikisa kijana wa ovaroli. Alifumbua macho, akaona milima pale alipotegemea kuona maghorofa.

"Mimi ni fundi wa lifti," akasema polepole. "Nimekuja na sanduku langu la vifaa. Naomba kujua tunakwenda wapi."

Basi zima lilicheka isipokuwa Kiongozi, aliyekuwa akijiuma mdomo kwa ndani. Alimweleza kwamba anaweza kushushwa hapo barabarani asubiri gari la kurudi, au aendelee nao kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu. Fundi alimpigia bosi wake, akasomewa risala, akaambiwa mwenzake ameshachukua kazi. Akaitazama barabara, akaitazama ile skafu ya kijani, akasema jua la nje ni kali mno.

Walifika kwenye mashamba ya mizabibu, na ndani ya chumba cha mapipa ya mvinyo kulikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizoloa. Kiongozi alishika glasi kwenye kijiti chake cha chini, akauzungusha mvinyo, akaunusa, akauonja, kisha akautema kwenye ndoo ndogo ya bati iliyokuwa pembeni. Aliutema kwa mstari mmoja mwembamba, bila tone kuanguka sakafuni. Wengi hujaribu na kuchafua vifua vyao.

"Mbona unamwaga utamu?" Fundi aliuliza.

"Nikiwa kazini simezi. Nikimeza, tukifika pipa la mwisho nitakuwa nasifu kila kitu, hata ndoo. Wageni wangu wamelipia ulimi, hawakulipia mlevi."

Fundi akaichungulia ile ndoo. Katika chumba cha jibini, ambako mabonge ya jibini, mviringo kama magurudumu, yalipangwa kwenye rafu na kugeuzwa kila asubuhi yasielemee upande mmoja, alipata ulimi wake tena. Alisema jibini moja linanuka kama soksi zake. Kiongozi akamjibu kwamba jibini halina kosa, pua yake ndiyo haijaenda shule.

Walirudi mjini Fundi akiwa ameketi kiti cha mbele kabisa. Aliomba wabadilishane namba za simu, eti lifti ya kwao Kiongozi ikikwama ajue wa kumwita.

"Nyumba yangu haina ghorofa."

"Basi nitasubiri uhamie juu."

Namba akapewa. Mwanamke anayeonja mvinyo siku nzima bila kulewa alijikuta usiku huo anacheka peke yake jikoni.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zinazokatika. Kiongozi alipopiga, Fundi mara nyingi alikuwa ananing'inia kwenye shimo la lifti la jengo fulani, mtandao ukienda na kurudi.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ghorofa ya tisa, kipenzi. Katikati ya tisa na ya nane."

"Shuka uje ule. Chakula hakipandi ngazi."

Siku moja Fundi alimpandisha kwenye jengo moja jipya kwa lifti aliyoifunga mwenyewe, akamwonyesha mji wote ukiwa miguuni mwao, na alipobonyeza kitufe kifua chake kilijaa kama cha jogoo. Kiongozi alifurahi kuona mtu anayejivunia kazi yake hivyo. Alidhani mtu wa namna hiyo ataijua thamani ya kazi ya mwenzake. Hapo ndipo alipokosea kidogo.

Mama yake Fundi alikuwa muuguzi mstaafu. Maisha yake yote wodini aliwahudumia wanaume walioharibiwa na pombe, na nyumbani alimuuguza mwingine, mume wake, mpaka alipomzika. Tangu hapo aliapa kwamba pombe haitakanyaga kizingiti chake. Kwa hiyo siku alipouliza mchumba wa mwanawe anafanya kazi gani, Fundi aliiona kauli ya kweli ikija, akaikwepa. Alisema ni mwalimu. Alikusudia kuirekebisha wiki ile ile. Lakini uongo ni kama gugu, ukiuacha wiki moja unakuta umeota mizizi. Kila Kiongozi alipoomba apelekwe kwa mama, Fundi alisema mama ana mafua, mama amesafiri, mama anapaka rangi nyumba.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia ndani ya basi dogo jeupe.

Wauguzi wastaafu walikodi basi zima kwa matembezi yao. Mama mmoja mrefu, gauni lake la kitenge limemkaa vizuri na miwani imening'inia kifuani, alipokea kipaza sauti kama anayepokea zamu.

"Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekuja na wenzangu hawa walionivuta. Nimefuata jibini na hewa safi. Mvinyo wenu siunywi."

"Karibu sana, mama," Kiongozi alimjibu. "Hapa halazimishwi mtu."

Siku nzima yule mama alimtazama. Alimwona anaonja na kutema, anaonja na kutema, sauti yake haiyumbi wala mguu wake. Mwishowe alimsogelea kando ya mapipa, akamuuliza sababu, na Kiongozi akamweleza kama alivyowahi kumweleza fundi mmoja wa lifti. Mama aliitazama ile ndoo.

"Marehemu mume wangu angejua kutema," alisema, "ningezeeka naye."

Walipofika kwenye meza ya jibini, mama alivuta kiti karibu na cha Kiongozi, akaushika mkono wake. Kiongozi alikuwa na mvinyo mdomoni, akijiandaa kuwaeleza wageni unavyolingana na jibini gumu.

"Nina kijana wangu," mama alimnong'oneza. "Fundi wa lifti, penseli haimtoki sikioni hata mezani. Ana mchumba, mwalimu, sijui wa shule gani, mwaka mzima ananificha. Mimi nimekutaka wewe, mwanangu. Msichana anayejitawala hivi ndiye wa kuingia nyumbani kwangu."

Kiongozi akameza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumeza akiwa kazini. Moyo ulimlipuka paa, macho yakamwasha, lakini alijikaza kisabuni. Alimwambia mama asante kwa heshima hiyo, akasimama, akaeleza habari za jibini gumu mpaka mwisho bila kuruka neno. Mimi ninayesimulia nasema wazi kwamba pale ningemwaga machozi juu ya meza. Yeye aliwarudisha wauguzi wote mjini salama, akawapa mkono mlangoni mmoja mmoja, ndipo akachukua simu.

"Hujambo, mpenzi," Fundi aliitika kwa furaha.

"Mimi nafundisha somo gani?"

"Unasemaje?"

"Somo. Mama yako hajui ni shule gani. Nikadhani wewe labda utajua somo."

Ukimya ukatanda upande wa pili. Safari hii haukuwa mtandao.

"Nilitaka kukulinda," Fundi alisema hatimaye. "Humjui mama na mambo ya pombe."

"Namjua. Nimeshinda naye leo, na amenichumbia kwa ajili yako. Aliyenionea haya si yeye. Kazi yangu ndiyo mimi, ukiificha umenificha mimi. Kwaheri, Fundi."

Alikata. Kesho yake Fundi alipiga, simu haikupokelewa. Alifika mlangoni, akasimama mpaka majirani wakaanza kumsalimia kwa huruma. Alituma ujumbe wa kila aina, wa kubembeleza na wa kujilaani. Kiongozi aliusoma wote, akalia chumbani, na Jumamosi akatoka na blauzi iliyonyooka na kidevu juu. Alimpenda, hilo halikubishaniwa. Ila hakuwa tayari kuolewa akiwa mwalimu.

Mama naye hakujua moto aliouwasha. Kila jioni alimsifia mwanawe yule msichana wa skafu ya kijani, mpaka akamwambia ameshakata tiketi za watu wawili za basi la msichana huyo, na mwalimu wake amsahau. Fundi alifungua mdomo aseme kweli pale pale jikoni. Kisha akaufunga. Aliona kwamba kweli ikinong'onwa jikoni, Kiongozi atabaki amefichwa vile vile. Uongo ulikuwa wake, na mahali pa kuufuta alipajua.

Jumamosi ilipofika alivaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, penseli akaisahau sikioni. Kiongozi alipomwona akipanda nyuma ya mama yake, alimkaribisha kama abiria mwingine yeyote na kumwonyesha kiti. Mama alimkonyeza Kiongozi kwa siri. Mji ukaachwa nyuma, kipaza sauti kikaanza kuzunguka, na Fundi akaanza kutoka jasho.

"Mimi ni fundi wa lifti," alisema kilipomfikia, akasimama. "Nimekuja na mama yangu, na uongo ninaotaka kuufuta. Nilimwambia mama mchumba wangu ni mwalimu. Si mwalimu. Anaongoza wageni kwenye mashamba ya mizabibu, na ndiye yule pale mbele. Anaonja mvinyo kila wiki na sijapata kuona mtu mwenye kichwa kilichotulia kama chake. Nilimficha kwa woga wangu. Leo namtaja mbele yenu kwa sababu najivunia yeye na kazi yake. Akinisamehe, ningependa kumwoa."

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama Kiongozi, akavaa miwani amtazame tena. Kisha akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekuja na mjinga, lakini nimemzaa mwenyewe. Kumbe muda wote huu nilikuwa namkimbia mkwe, namkimbilia mkwe."

Watu walicheka mpaka basi likayumba. Kila jicho likamgeukia Kiongozi. Alipokea kipaza sauti chake na kukifuta kwa skafu.

"Asanteni," alisema. "Upande wa kulia mtaanza kuona mizabibu."

Hivyo ndivyo alivyofanya siku nzima. Abiria walimnunia, mshona viatu mmoja akathubutu kumuuliza jibu liko wapi, akaelezwa historia ya pipa. Fundi alikula jibini bila kujua ladha yake. Lakini walipoonja mvinyo, wengine wakimeza, yeye aliinama kwenye ndoo ya bati na kutema. Alitema vibaya. Shati jeupe lote kifuani likawa jekundu, na hakujifuta, alirudi kwenye glasi ya pili na kutema tena. Kiongozi aligeuka upande wa ukuta ili asionekane anavyotabasamu.

Jioni basi liliingia kituoni. Dereva, mzee ambaye hakuna abiria aliyewahi kumsikia akisema neno, alizima injini lakini hakufungua mlango. Aliegemea usukani, akamtazama Kiongozi kwenye kioo, akangoja.

Kiongozi akasimama mbele yao.

"Kwenye basi hili kila mtu hujitambulisha," alisema, "isipokuwa mimi. Sijawahi kuulizwa. Mimi ni mwongoza wageni. Ni kazi ninayoiweza, na sitaiacha kwa ajili ya ndoa."

Alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama anayesema hakuna aliyekuomba uiache.

"Asubuhi nilikuja peke yangu," Kiongozi aliendelea, na sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Narudi na mchumba wangu, fundi wa lifti."

Dereva akafungua mlango. Hakuna aliyeshuka, wote walikuwa wakipiga makofi, na Fundi alikuwa anakuja mbele akigonga viti kwa magoti, shati lake limechafuka kuliko ovaroli yoyote aliyowahi kuvaa. Kiongozi alimtoa penseli sikioni na kuiweka kwenye nywele zake mwenyewe.

Wa kwanza kushuka alikuwa mama. Alisimama katikati ya kituo kilichofurika, akarekebisha gauni lake, akamgeukia muuza magazeti ambaye hakumuuliza kitu.

"Unamwona yule mwenye skafu ya kijani? Ni mkwe wangu. Kazi yake ni kuonja mvinyo."

Muuza magazeti akasema hongera, mama. Mama akaipokea hongera yake, kisha akaenda kumwambia muuza maji.