Math Iko kwa Nani?

Uliona, ukageuza macho. Usiseme hukuona, maana ulikaa humo humo, darasa la sita la sekondari, benchi la tatu upande wa dirisha. Ulimwona mwenzako akija shuleni na madaftari matatu mwaka mzima, na masomo ni kumi na manne. Mwalimu aliona. Prefe, mkuu wa shule, aliona. Wazazi waliona. Wote mkatazama nje, kama vile mtu wa pikipiki anayepita barabarani ndiye atakayeingia kuuliza. Ilikuwa hivyo mwaka jana, na mwaka wa kabla yake, na ule mwingine pia. Wewe labda umesahau. Mimi sijasahau. Basi kaa, nikuambie ilivyokuwa kwa Glodie.

Glodie alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Wenzake wengi walimaliza shule wakiwa wadogo zaidi, lakini yeye alipoteza miaka miwili pale vita ilipowafukuza kijijini kwao, Djugu. Sasa aliishi Bunia, mtaa wa Nyakasanza, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, pamoja na mama yake Anastasie na mdogo wake Gaël mwenye miaka saba.

Kila asubuhi alichota bidoni mbili za maji bombani, akafagia uwanja, akamwosha Gaël uso. Mama alikuwa ameshatoka na jembe kuelekea shamba la kukodi, kando ya njia ya Bogoro. Kisha Glodie alivaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akashika njia ya shule, vumbi likipanda na pikipiki zikipiga honi mbele na nyuma.

Alitaka kitu kimoja tu mwaka ule: diploma. Shule ya msingi iliyo karibu na kambi ya waliokimbia vita ilikuwa imemwambia mama yake, "Binti akileta diploma, tutampa darasa la pili afundishe." Asipoileta, hakuna darasa, na mwaka mwingine unaongezeka juu ya ile miwili.

Sasa sikiliza desturi ya darasa lile. Wiki ya kwanza ya Septemba, Vanessa alimsimamisha mlangoni. Alikuwa anakula mkate wa mafuta, na anaongea huku anatafuna.

"Glodie, weye unakamata ngapi?"

"Ngapi ya nini?"

"Ya cours. Usijifanye mugeni. Kumi na ine, nani ataweza? Siye tunagawana. Mie nakamata Kifaransa, Kiingereza na historia. Weye ukamate pedagojia, saikolojia na biolojia. Katsuva anakamata math na kemia. Zile zingine ziko kwa wenzetu."

"Na siku ya Exetat?" Exetat ndio mtihani wa taifa, ule unaotoa diploma.

"Siku ya Exetat tunakaa karibu. Mie nakupa yangu, weye unanipa yako, Katsuva anatupatia math. Iko vile tangu zamani. Ata yaya yangu alipita hivyo."

Katsuva, kijana mrefu ambaye wazazi wake walitoka Butembo kufanya biashara, alikuwa ameegemea ukuta. Alicheka. "Math iko kwangu, ma chérie. Mulale."

Kweli, kaka yake Vanessa alipita hivyo. Mimi nakumbuka na yaliyofuata, ambayo Vanessa hakuyasema. Alipewa darasa la tano kufundisha. Siku alipoandika hesabu za sehemu ubaoni, nusu na robo, watoto wa miaka kumi na mmoja wakanyoosha vidole kumsahihisha. Mpaka leo akipita njiani wanamwita "Prof Nusu".

Glodie alikubali. Alinunua madaftari matatu.

Lakini hakupata utulivu. Saa ya math ilipofika, alifungua saikolojia chini ya meza, akajaribu kusoma, na chaki ikaendelea kukwaruza ubaoni. Alisoma mstari mmoja mara tatu. Alijiambia, iko kwa Katsuva, iko kwa Katsuva. Njiani kurudi nyumbani alihesabu kwa vidole masomo aliyoyaacha, akaanza tena kuhesabu, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba na hajui ni nini. Kila Ijumaa alimuuliza:

"Katsuva, math iko?"

"Iko."

"Umefika mbali?"

"Mbali kabisa. Weye unaniuliza kama polisi."

Prof Marcellin, mwalimu wa math, alikuwa mtu mwembamba mwenye chaki kwenye mikono ya koti. Mara nyingine alikatisha sentensi katikati, akageuka, akalitazama darasa kwa muda, kisha akarudi ubaoni kuandika. Alikuwa ameona. Nawe ulikuwepo, ukaona kwamba ameona.

Ulipofika mwezi wa tatu, shule iliandaa mtihani wa majaribio, ufanane na ule wa taifa. Siku ya math, Katsuva alikaa nyuma ya Glodie kabisa. Maswali ishirini. Glodie alisoma la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna hata moja lililomwambia kitu. Aliangusha kalamu kwa makusudi, akainama kuiokota.

"Katsuva. Namba moja."

Kimya.

"Katsuva, ata moja tu."

Aligeuka kidogo, akaona karatasi ya Katsuva. Ilikuwa nyeupe. Kijana mwenyewe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, jasho linamtiririka shingoni.

Walipotoka, Glodie alimsubiri nyuma ya darasa, penye rundo la matofali. Vanessa naye akaja.

"Math iko kwa nani?" Glodie aliuliza.

Katsuva alijikuna kisogo. "Iko kwa Orly."

"Orly gani?"

"Ule wa korali yetu ya kanisa. Anasoma shule ingine. Siye ba korali pia tulikuwa tumegawana. Yeye alikamata math, mie nikakamata kemia. Nilisema atanionyesha, kisha mie niwaonyeshe nyinyi."

"Na alikuonyesha?"

"Alienda Mongbwalu tangu Januari. Iko anachimba dhahabu."

Vanessa aliangua kicheko. "Kumbe math yetu iko ndani ya shimo." Kisha akaona uso wa Glodie, kicheko kikamkauka. "Si kitu, Glodie. Tunatafuta mutu mwengine wa math. Ataonekana."

Wiki iliyofuata walipewa majibu. Katika math Glodie alipata mawili juu ya ishirini, na hayo mawili aliyapata kwa kubahatisha. Jumla, asilimia thelathini na nne. Ili upite unatakiwa hamsini.

Alasiri ile mama yake alikuwa uwanjani anachambua maharagwe kwenye ungo. Gaël alikuwa kando yake, anatengeneza pikipiki kwa waya. Glodie aliingia ndani, akatoka, akaingia, akatoka.

"Weye, kaa chini," mama alisema. "Unanizungusha kichwa. Kuko nini?"

Glodie alikaa, akaeleza yote: kugawana, Katsuva, Orly, thelathini na nne. Alidhani atapigiwa kelele. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, moja moja.

"Siku tulikimbia, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Gaël alikuwa na mwaka moja. Mie nilikamata weye kwa mukono, na mufuko ya nguo. Nilijua mutoto iko kwa mugongo ya shangazi yako. Shangazi alijua iko kwa babu. Babu alijua iko kwangu. Tulitembea mupaka mutoni. Pale ndiyo niliuliza, Gaël iko kwa nani? Kila mutu akaangalia mwenzake."

Gaël aliacha waya wake. Alikuwa ameisikia habari hii mara nyingi, lakini kila mara alisikiliza hadi mwisho, kana kwamba safari hii huenda wasirudi kumchukua.

"Tulirudi, mie na babu. Alikuwa amekaa kando ya sufuria, anakula maharagi ya baridi na mukono. Mungu alimulinda. Siye hatukumulinda. Na sikia, Glodie, hakuna mutu mubaya siku ile. Wote tulimupenda. Ni vile kila mutu alijua iko kwa mwengine." Aliweka ungo chini. "Tangu ile siku, kama tunatoka, namugusa kichwa na mukono yangu mwenyewe. Sasa weye, ile madaftari yako, uligusa ngapi?"

Glodie alikuwa analia bila sauti.

"Usilie mbele ya mama yako. Kesho enda ulie mbele ya mwalimu, yeye ndiye iko na chaki."

Kesho yake Glodie alimkuta Prof Marcellin chumba cha walimu, anapanga karatasi.

"Prof, mie sina daftari ya math."

"Najua."

"Tangu Septemba, Prof."

"Najua, Glodie."

Alisimama pale, vidole vimeshika pindo la sketi. Halafu akauliza kitu ambacho wewe na mimi tulipaswa kuuliza zamani. "Kama ulijua, Prof, juu ya nini hukusema?"

Mwalimu wa pembeni aliinua kichwa. Prof Marcellin aliziacha zile karatasi.

"Muko thelathini na nane," alisema pole pole. "Mbele yangu naona madaftari ine. Nilijisemea, prefe atapita, ataona. Prefe naye labda alisema wazazi wataona. Nikafundisha ukuta tangu Septemba." Alijipangusa mikono, ingawa haikuwa na chaki. "Sasa weye unakamata ngapi?"

"Zote."

"Kumi na ine? Kwa miezi mitatu?"

"Zote, Prof."

"Utalia."

"Nitalia nikiandika."

"Basi. Kesho saa nane mchana niko darasani. Mwenye kuja, aje na daftari mupya. Tunaanza ukurasa wa kwanza."

Siku ya kwanza walikuja watano. Siku ya pili Katsuva akaingia wa mwisho, akakaa nyuma, hakumtazama mtu. Walipomaliza math, Prof alimwita mbele.

"Kemia ni yako kweli, ao nayo iko kwa mutu?"

Darasa likacheka. Katsuva naye akacheka kwa aibu. "Hapana, Prof. Hiyo ni yangu."

"Chukua chaki, onyesha wenzako."

Ndivyo kugawana kulivyogeuka. Wa kemia alifundisha kemia ubaoni, wote wakaandika. Glodie alifundisha pedagojia, saikolojia na biolojia. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na kurasa tupu, na aliyekuwa ameelewa jana aliulizwa leo. Haikuwa rahisi. Glodie aligombana na math kama mtu anayegombana na jirani, akatupa kalamu, akaiokota. Alisoma akichota maji, akasoma akimenya mihogo. Vanessa alikuja mara moja, akasema kichwa kinamuuma, na tena amepata kijana mmoja wa math, mkali sana, kutoka mtaa mwingine.

Siku za Exetat walichanganywa na wanafunzi wa shule nyingine, kila mmoja kwa namba yake. Katsuva alipelekwa chumba kingine kabisa. Glodie alikaa katikati ya watu wawili ambao hakuwahi kuwaona. Alisoma swali la kwanza la math, akalijua. La pili hakulijua, akaliruka. La tatu akalijua.

Majibu yalitoka kwa simu. Glodie alipata hamsini na saba. Katsuva, hamsini na tatu. Majirani walimwagia Glodie poda ya pongezi kichwani hadi Gaël akapiga chafya, na mama akaimba wimbo wa kijijini ambao hakuwa ameuimba tangu wahame. Nyumbani kwa Vanessa mlango ulifungwa. Yule kijana mkali wa math naye hakupita.

Jioni Glodie alijikung'uta poda, akachukua daftari lake la math, akaenda kubisha kwa Vanessa.

"Umekuja kunicheka?" Vanessa aliuliza kutoka ndani.

"Nimekuletea uandike. Nitakuja Jumamosi kuona umefika wapi."

Mlango ulichelewa, lakini ulifunguka.

Septemba Glodie alisimama mbele ya watoto wa darasa la pili. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa mji, Prof Marcellin aliingia kwa wanafunzi wapya wa darasa la sita. Vanessa, aliyekuwa anarudia mwaka, alikuwa benchi la mbele. Mwalimu hakugusa chaki. Aliwaambia waweke madaftari yao yote mezani, akapita benchi kwa benchi akihesabu, kisha akasema:

"Mwaka jana niliona nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulifelisha watu. Somo ambalo umemwachia mwenzako si lako, na mara nyingi si lake pia. Soma yote wewe mwenyewe, halafu msaidiane. Na mtu akiona mwenzake hana daftari, aseme siku hiyo hiyo, hata kama mwenye kosa ni mimi."

Sasa ni zamu yako. Usigeuze ukurasa. Toa madaftari yako yote, yaweke hapo mbele, yahesabu kwa kuyagusa. Lile linalokosekana, unajua umemwachia nani. Na mwenzako wa pembeni, anakosa mangapi? Unajua pia. Muulize sasa hivi, kwa sauti, mwalimu asikie. Halafu inuka, nenda ukalichukue somo lako leo, kabla jua halijazama.