Mtoto wa Arero Asiyehesabiwa

Siku ya soko la mifugo posta ya Isiolo ilijaa hadi mlangoni, na kila mtu alitaka kupiga simu Nairobi kabla ya mwenzake. Deqa Elmi alikaa nyuma ya dirisha la simu, shali ya rangi ya machungwa kichwani, akiunganisha waya baada ya waya bila kuinua macho.

"Dada, nimengoja saa nzima," sauti ikasema.

"Ngoja nyingine. Utazoea."

"Ng'ombe wangu wamefika Nairobi na mnunuzi hajui!"

"Si uwaambie ng'ombe wampigie?"

Watu wakaangua kicheko. Deqa akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa Kiborana, kikoi kipya cha mistari, shati jeupe limepigwa pasi sawasawa, naye alikuwa akicheka kuliko wote. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jina lake Jirma Abduba.

"Nikikuletea maziwa ya ngamia utaniunganisha?"

"Leta kwanza."

Akaleta. Wiki iliyofuata akaleta tena. Mwaka ulipoisha hakuwa na haja ya Nairobi hata kidogo, alipiga simu kutoka duka la pili tu kuuliza, "Opereta, kipenzi changu, umekula?"

"Nimekula. Toka kwa laini, kuna watu wana shida za maana."

Akishasema hivyo alitabasamu hadi jioni, mjinga yule. Mimi simlaumu. Yakikupata utafanya nini?

Mwaka wa themanini na saba, wazee wakijiandaa kwenda kuposa, baba yake Deqa akaanza kubadilika. Mzee Elmi alikuwa mtoto wa askari Msomali wa vita vya Mjerumani, na mwenyewe alikuwa ameendesha malori hadi Moyale miaka thelathini. Sasa alitembea kwa hatua fupi fupi, nyayo haziachi sakafu. Alisimama mlangoni asijue aanze na mguu upi. Siku moja akapotea njia ya gereji aliyoijenga kwa mikono yake.

Deqa na shangazi yake, Habsa, wakampeleka Nairobi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Daktari akaiinua picha kwenye mwanga.

"Si wazimu," akasema. "Ubongo una sehemu nyeupe. Hiyo ni kama nyaya, inapeleka habari kutoka upande huu hadi ule. Ya mzee imechakaa."

Deqa alielewa mara moja. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa nyaya.

"Kuna mwingine katika ukoo aliyekuwa hivi?"

"Mama yetu," Habsa akajibu polepole. "Alikufa hivi hivi."

"Basi huenda kuna kitu cha kurithi. Umri unaongeza, presha nayo inaongeza, lakini kuna koo ambako hupatikana zaidi. Si kila mtoto atapata. Wewe binti, pima presha kila mwaka."

Deqa alimwambia mtu mmoja tu.

"Jirma, ni siri ya baba yangu."

"Wallahi, macho yangu, haitoki."

Ikatoka kabla ya magharibi. Alimwambia mama yake, na kumwambia Habibo jambo ilikuwa ni sawa na kulitangaza sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno, meno mawili ya dhahabu, sauti ya kuita ng'ombe. Kufikia Ijumaa hata wauza miraa walijua kwamba nyumba ya Elmi ina wazimu wa damu. Watu wazima, wenye ndevu zao, wakaiga hatua za mzee alipotoka msikitini. Deqa aliwaona. Aliwaona mmoja mmoja na kuwaweka moyoni.

Simu ikalia siku ya tatu.

"Deqa, mama amekataa. Anasema hawezi kuleta wazimu wa Wasomali kwake."

"Na wewe umesema nini?"

Jirma akakohoa.

"Jirma, nakuuliza. Umesema nini?"

"Ningesema nini, ni mama yangu..."

Akauchomoa waya. Akamhudumia mteja aliyefuata, na aliyefuata, na hakuna aliyejua kwamba yule dada wa simu alikuwa ameapa kuichoma nyumba ya Habibo bila kiberiti.

Jioni hiyo Habsa alimkuta hajala.

"Wanasema ni wazimu wa Wasomali? Astaghfirullah!" mama mzee akafoka. "Mama yetu hakuwa Msomali! Alikuwa Mborana. Racho, binti Arero."

"Arero yupi, Eddo?" Deqa akamuuliza shangazi yake.

"Huyo huyo babu wa Abduba, mume wa Habibo. Racho alipoolewa na askari, watu wake walichinja, wakamfanyia matanga akiwa hai, na jina lake halikutajwa tena. Alituapisha tusiseme. Lakini sasa wamenichokoza."

Deqa alikaa chini. Kwa hiyo uchakavu ule uliochekwa sokoni ulitoka kwa kina Habibo wenyewe, upande wa mumewe! Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alisikia njaa.

Akangoja miezi miwili, hadi Jirma alipoposewa msichana aitwaye Ado.

Uwanja wa Abduba ulijaa siku hiyo. Buni zilikaangwa ndani ya samli, harufu yake ikafika barabarani. Jirma alivaa suti ya kijivu na uso wa mtu aliyepelekwa kortini. Mzee wa ukoo akaanza kuhesabu baba zake: "Jirma wa Abduba, Abduba wa Galgalo, Galgalo wa Arero..."

"Hapo kwa Arero, mzee," sauti ikasema kutoka kwa wanawake. "Alikuwa na watoto wangapi?"

Deqa alikuwa amesimama, dera jeusi, wanja machoni, Habsa kando yake.

"Wanne. Wanaume wote."

"Watano. Mmemsahau Racho."

"Mtoeni!" Habibo akapiga kelele. "Ameshikwa na wazimu wao!"

"Wetu au wenu?" Deqa akauliza. "Baba yangu ni mtoto wa Racho. Racho alikufa akitembea hatua fupi fupi. Na kaka yake, mzee Galgalo, alikufaje? Semeni, mlikuwepo!"

Bibi mmoja kizee akainua mkono. "Ni kweli. Nilikuwa mdogo, nilikula nyama ya matanga ya Racho. Na Galgalo alikuwa akisimama mlangoni kutwa nzima."

Abduba, baba yake Jirma, akainuka kwa hasira ili amfukuze Deqa. Akasimama. Mguu haukwenda. Akashusha macho, akautazama, na uwanja mzima ukautazama pamoja naye. Baba yake Ado akachukua fimbo yake, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Deqa alisikia utamu hadi kwenye meno. Nasema kweli, nami ningesikia.

Kesho yake Jirma alikuja dirishani posta.

"Umeniua, Deqa."

"Mbona unapumua?"

"Sikumtaka Ado."

"Lakini suti ulivaa."

"Mimi ni mwoga. Najua. Nakupenda na mimi ni mwoga. Niambie nifanye nini."

"Mama yako aje kuniposa. Asitume wazee. Aje yeye, kwa mdomo wake uliotutangaza, amwombe baba yangu."

"Na hiyo damu? Sasa iko pande zote mbili. Watoto wetu..."

"Huenda wakapata, huenda wasipate. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Mimi pia. Mlete mama yako."

Habibo alikuja na Jirma Jumapili asubuhi, ushungi mpya, kahawa na sukari mkononi. Mzee Elmi alikaa kitini, kofia yake iliyotariziwa kichwani, adabu yake yote kamili.

"Salaam aleikum, mzee. Mimi ni Habibo, mke wa Abduba. Nimekuja kumwomba binti yako kwa mwanangu."

"Aleikum salaam. Karibu, karibu sana." Akanywa chai. Akamtazama mgeni. "Na wewe ni nani?"

Habibo akasema yote upya. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasifu mvua, kisha akainama mbele. "Samahani mama, wewe ni nani?"

Jirma akamtazama Deqa. Deqa angeweza kumkumbusha baba yake kwa neno moja. Akamimina chai. "Sukari imetosha, mama?" Habibo akaomba mara ya tatu, sauti imepungua, jasho limelowesha ushungi.

"Wewe ni nani?" mzee akauliza kwa upole ule ule.

Mara ya nne Habibo akafungua mdomo na kilio kikatoka.

"Hata Abduba ameniuliza hivyo leo," akasema. "Asubuhi. Miaka thelathini na tano nimelala kando yake, ananiuliza mimi ni nani."

Deqa alisimama na birika mkononi. Aliutafuta ule utamu wa siku ile na hakuuona popote. Akaliweka birika chini, akachuchumaa karibu na baba yake.

"Aabo, huyu ni mke wa Abduba, mtoto wa mjomba wako."

"Wa kwa mama?"

"Wa kwa mama."

"Basi mbona analia?" mzee akashangaa. "Mpeni huyo binti."

Habibo akaushika mkono wa Deqa kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mwanangu."

"Kuolewa nimekubali," Deqa akasema. "Kusamehe bado."

Lakini mkono hakuutoa.