Mwewe wa Saa Kumi na Moja

Kila jioni ya likizo, Fenne alikwangua sakafu ya banda la njiwa, akabadilisha maji, kisha saa kumi na moja akafungua kidirisha. Njiwa wachanga wakatoka kwa kishindo na kuzunguka juu ya paa za kijiji chao cha Ubelgiji. Banda lilikuwa la Mjomba Achiel, dereva wa lori la maziwa. Njiwa mmoja tu alikuwa wa Fenne mwenyewe, jike la rangi ya majivu alilopewa alipotimiza miaka kumi na miwili. Alimwita Mariette, kwa sababu alitembea kifua mbele kama mama muuza mikate.

Jumapili hiyo Mariette angeshindana kwa mara ya kwanza. Angeachiliwa Arras, ng'ambo ya mpaka wa Ufaransa, arudi nyumbani peke yake.

"Njiwa anapenda saa," Mjomba alizoea kusema. "Mfungulie saa ileile, mwite kwa kopo lilelile la nafaka, atarudi mbio. Lakini wakiwa angani, wewe uko bustanini. Macho juu. Ukitaka kwenda msalani, nenda kabla."

Jumatano Fenne aliwafungulia kama kawaida. Mara akasikia kelele kutoka nyumba ya jirani, Bwana Omer.

"Fenne! Mbelgiji yuko mbele! Zimebaki kilomita tatu!"

Ilikuwa Julai, na Julai kijiji kizima hutazama mbio za baiskeli. Fenne alitupa jicho angani. Njiwa walikuwa juu, wametulia. Akaingia jikoni na kuwasha televisheni. Mbelgiji alipitwa karibu na mstari wa mwisho. Fenne akapiga meza kwa hasira, akarudi nje.

Kundi lilikuwa limetawanyika. Wengine walijibanza kwenye paa la kanisa, wengine walisukumana kwenye kidirisha wakitaka kuingia. Kwenye majani ya bustani kulikuwa na duara la manyoya laini mekundu, kama anavyoacha mwewe akishakula. Dume jekundu la Mjomba halikuwepo.

Fenne aliita kwa kopo mpaka waliobaki wote wakaingia, Mariette akiwa miongoni mwao. Kisha akayaokota yale manyoya, akayafukia kwenye lundo la mboji.

"Yule mwekundu yuko wapi?" Mjomba aliuliza aliporudi kazini.

"Amepotea, Mjomba. Upepo ulikuwa mkali."

"Upepo gani? Moshi umepanda wima leo." Alijikuna shingo. "Basi. Wachanga hupotea. Kesho saa ileile."

Fenne alijiambia kwamba mwewe alikuwa mpita njia tu.

Alhamisi alisimama bustanini bila kupepesa macho. Njiwa walizunguka vizuri, wakaanza kushuka juu ya banda. Hapo mwewe akatokea nyuma ya mahindi ya Bwana Omer, chini kabisa, akaruka ua na kumnyakua njiwa mmoja pembeni ya paa. Fenne alipiga kelele na kugonga kopo, lakini ndege huyo alikuwa amekwishapotea kwenye miti. Mariette aliingia bandani akitweta, unyoya mmoja wa mkia umening'inia.

Kichwa cha Bwana Omer kilichomoza juu ya ua.

"Ni yuleyule wa jana! Nilimwona kwa dirisha. Mjomba wako anasemaje?"

Fenne alitazama viatu vyake.

"Aha. Hujamwambia." Bwana Omer alishusha sauti. "Usilie, binti. Nina bunduki ya marehemu baba. Kesho nampiga, tunamzika, na mjomba wako hana haja ya kujua lolote."

Fenne alilipenda wazo hilo. Mwewe angekufa, na uongo ungezikwa naye.

Lakini Mjomba aliporudi, hata kofia hakuvua. Aliingia bustanini na kikapu cha safari mkononi.

"Kesho alfajiri ni mazoezi ya mwisho," alisema. "Nitawaachilia mmoja mmoja pale ukingoni mwa msitu, wajifunze kuruka bila kufuata wenzao. Na Mariette wako nitamtanguliza."

Fenne aliuona msitu ule akilini. Aliiona ile miti alimopotelea mwewe, na Mariette peke yake hewani.

"Usimpeleke, Mjomba! Kuna mwewe. Amekula wawili. Yule mwekundu hakupotea. Niliingia ndani kutazama baiskeli, na manyoya nikayafukia."

Mjomba aliweka kikapu chini. Alikaa juu yake, akavua kofia.

"Mwekundu aliliwa na mwewe," alisema. "Huyu wa leo ameliwa na uongo wako. Ungeniambia jana, leo tusingefungua."

Fenne akalia. Mjomba alimpa leso yenye harufu ya dizeli.

"Siku zote mbili, baada ya saa kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Basi hata mimi ni mjinga. Nimemfundisha njiwa saa, na mwewe naye amejifunza. Kila jioni namwandalia meza, yeye anakuja kula tu."

Bwana Omer alidakia kutoka upande wa pili wa ua. "Nilete bunduki, Achiel?"

"Itundike, bwana! Sheria inamlinda ndege huyo. Na ukimuua, mwezi ujao mwingine atahamia mti uleule. Tena unaweza kumkosa, ukamtoboa ng'ombe wako."

"Tukitundika vitu vinavyometameta?" Fenne aliuliza.

"Siku mbili ataogopa. Ya tatu atajitazamia humo. Sisi tubadilike, ndiyo dawa."

Ijumaa hawakwenda msituni. Mjomba aliendesha mpaka katikati ya mashamba ya viazi, mahali pasipo na mti wa mwewe kujificha. Fenne aliweka kikapu ardhini, wakawaacha njiwa watazame anga kwanza. Kisha Mjomba akaifungua milango yote ya kikapu kwa pamoja. Wakaruka wakiwa kundi moja lililoshikamana. Walikuwa na njaa kidogo, kwa hiyo walipofika nyumbani hawakukaa juu ya paa kujichokonoa manyoya. Waliingia moja kwa moja kwenye nafaka. Jioni, saa kumi na moja, kidirisha kilibaki kimefungwa.

Jumamosi lori la chama cha wafuga njiwa liliwapeleka Arras. Jumapili mtaa ulikuwa kimya. Mke wa Bwana Omer hakuanika nguo, asije akawatisha njiwa wanaorudi. Fenne alisimama bustanini, macho juu. Kwanza yakatokea madoa mawili upande wa kusini, kisha jingine, kifua mbele.

"Mariette!" alinong'ona.

Njiwa huyo alishuka kama jiwe, akaingia ndani. Kabla ya chakula cha mchana wote waliotumwa walikuwa wamerudi.

Kwenye mkahawa wa chama cha wafuga njiwa, Mariette alitangazwa katikati ya orodha. Fenne alifurahi kama vile ameshinda kombe.

"Mbona umeleta wachache, Achiel?" mzee mmoja akatania. "Umewapika supu?"

"Mpwa wangu atawaeleza."

Fenne alisimama, masikio yamewaka moto. Akaeleza yote, pamoja na zile kilomita tatu za baiskeli. Watu wakaangua kicheko.

"Na huyo Mbelgiji hata hakushinda!" mmoja akapaza sauti.

Lakini Valeer, mfugaji wa mtaa wa pili, hakucheka. Aliweka glasi mezani polepole.

"Mimi pia hufungua saa kumi na moja," alisema. "Wangu wanne wamepotea mwezi huu. Nimekuwa nikilaumu upepo."

Mjomba Achiel alimsogezea Fenne soda ya limau.

"Umeona? Siku mbili ulificha, tukapoteza njiwa. Leo umesema, na njiwa wa Valeer watapona. Kosa kila mtu hulifanya, mwanangu. Liseme lingali dogo, wakati bado kuna cha kuokoa."